Wa Mwisho kwa Kucheza

Madam Restituta Nakanjako hakuwa mtu wa mchezo, na alipenda ijulikane hivyo. Mzazi akileta mtoto wa miaka mitatu kumwandikisha, neno la kwanza alilosikia, kabla hata hajapewa kiti, lilikuwa hili: "Hapa hatuchezi, nyabo." Na mzazi, badala ya kumshika mwanawe mkono wakaondoka zao, alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Lukaya nzima tulikuwa tumechoshwa na watoto wanaocheza. Tulitaka watoto wanaosoma, wawe madaktari upesi, ikiwezekana kabla meno ya utoto hayajang'oka.

Shule yenyewe iliitwa Malaika Werevu, Shule ya Awali ya Kimataifa. Ya kimataifa kwa sababu muhula mmoja alisoma humo mtoto wa dereva wa lori kutoka Kigali, akaondoka na surua. Ilikuwa na madarasa matatu, la Bebi, la Kati na la Juu, na katika yote matatu watoto walivaa tai. Mtoto wa Bebi alibeba daftari la hesabu, la kusoma, la mwandiko, la sayansi na la dini, hata ukimtazama kwa nyuma ulichoona ni begi linalotembea kwa miguu. Uwanjani zamani palikuwa na bembea. Madam alizing'oa, akabakiza vyuma vyake, maana vilifaa sana kuanikia nguo.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alipenda kusema. Kumsaidia kuusema alikuwa na ufito wa mpera alioubatiza jina la Senga. Senga kwetu ni shangazi, ndiye anayemfunda msichana akakaa na watu. Huyu wa Madam alifunda wote, wavulana kwa wasichana, na hakubagua.

Tumtendee haki lakini. Restituta alizaliwa hapa hapa Lukaya, kando ya barabara kuu, mama yake akichoma ndizi za gonja. Anayepajua Lukaya anajua: basi likipunguza mwendo tu, watu wanalivamia kwa mbio na vijiti vya kuku, gonja za moto na chupa za maji, wanagongana, wananing'inia madirishani, na aliyechelewa amelala njaa. Restituta alianza mbio hizo akiwa na umri wa darasa la Bebi, sinia kichwani. Hakuwahi kuwa na mwanasesere, hata yule wa magome ya mgomba ambaye hauzwi dukani na kila mama anaweza kumsokota akingoja chungu kichemke. Mama yake alikuwa na gonja za kugeuza. Basi kwa gonja hizo, na baadaye kwa kuku, Restituta akajisomesha ualimu, akanunua kiwanja, akasimamisha madarasa matatu tofali kwa tofali, bila mume na bila mjomba serikalini. Hilo ni la kumvulia kofia, na Lukaya tulimvulia. Aliapa kwamba mtoto atakayepita mikononi mwake hatakimbilia basi maishani.

Ndiyo maana alikaribia kupandwa na wazimu siku alipotoka ofisini wakati wa uji akakuta basi limesimama uwanjani kwake.

Basi lilikuwa Waswa, mmoja wa mapacha wa Nalongo muuza kuku. Alikuwa amekunja mikono kiunoni, anaunguruma na kutema mate kwa bidii. Nyuma yake abiria wamepanga mstari wakishikana mashati. Kato, pacha wake, na nusu ya darasa la Kati, walikuwa wanalikimbilia na vijiti vilivyotungwa majani.

"Kuku, mama! Kuku wa moto! Elfu kumi!"

"Nina elfu nane."

"Leta, leta, basi linaondoka! Na chenji yako hii hapa, mbili."

"Mbili za nini? Nimekupa nane, ukakubali nane!"

"Basi nirudishie."

Chenji ilikuwa kokoto, na abiria alizihesabu upya moja moja kabla ya kuzirudisha. Watoto hao hao asubuhi ile walikuwa wameshindwa ubaoni kutoa nane katika kumi, na Senga alikuwa amepita kila dawati kuwasaidia. Madam hakulinganisha mambo hayo mawili. Alichoona ni barabara kuu imeruka ua wake.

"Nani amewafundisha kuuza kuku?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa jibu lilikuwa mji mzima. Basi likazima injini. Abiria na wachuuzi wakapanga mstari mmoja, na wa mbele kabisa akawekwa Nakku.

Nakku alikuwa mjukuu wa Madam. Mama yake mtoto alikuwa Omani akilea watoto wa wenyewe, na hao, kwa picha alizotuma kwenye simu, walicheza kutwa. Nakku aliachwa kwa bibi, na bibi akatangaza tangu siku ya kwanza mbele ya walimu: "Shuleni hakuna jaja. Shuleni kuna Madam." Asije mtu akasema anampendelea, Nakku alichapwa wa kwanza kila mstari ulipopangwa, hata kama alikuwa amepita tu njia. Jioni, kwa haki, angekuwa jaja, bibi kama mabibi wengine. Lakini nyumba ilikuwa nyuma ya ofisi, mlango mmoja tu katikati, na Madam aliuvuka na madaftari ya kusahihisha mkononi. Mtoto alikula matoke yake na supu ya karanga kimya, akanawa, akalala. Walimu walimsifu kwa utulivu.

Basi mambo yakaenda hivyo salama, mpaka serikali ikaamka usingizini.

Wamiliki wa shule za awali waliitwa mkutano kwenye ofisi za tarafa. Mkaguzi wa elimu wa wilaya, Bwana Ssebuliba, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akawaambia kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Utafiti umesema, wizara imesema, na yeye anasema. Kabla ya muhula kwisha atazunguka shule zote kutazama. Shule isiyo na mchezo haitapata leseni mpya, na isiyo na leseni itafungwa, lango litiwe kufuli.

Restituta alirudi nyumbani kwa miguu asihisi kwamba ametembea. Aliyatazama yale madarasa matatu. Kila tofali alikuwa analijua kwa jasho lake, na sasa yafungwe kwa kukosa upuuzi! Mwanamke mwingine angelia. Yeye aliwaita walimu, akawaambia maneno ambayo Mwalimu Sserwadda, msaidizi wake, aliyarudia baraza kwa baraza mwaka mzima.

"Serikali inataka mchezo. Sawa. Kwani sisi tumeshindwa kufundisha kitu gani? Jumatatu tunaanza. Na katika shule hii watacheza mpaka wajute."

Jumatatu Mchezo ukaingia kwenye ratiba, kati ya Mwandiko na Dini. Somo la kwanza lilikuwa ubaoni, likanakiliwa katika daftari jipya: Mchezo ni nini? Mchezo ni shughuli ya furaha inayofanywa na mtoto chini ya uangalizi wa mwalimu. Taja faida tatu za mchezo. Darasa la Bebi, ambao walikuwa bado hawajaweza kushika penseli, waliimba faida hizo kwa kuitikia. Aliyeonekana akikimbia wakati wa somo la Mchezo alitolewa nje kwa utovu wa nidhamu.

Wiki ya tatu ikawa ya vitendo. Mwalimu Sserwadda alipuliza filimbi, watoto wakaruka mara tatu kushoto na mara tatu kulia. Akipuliza tena, wanacheka. Akipuliza mara mbili, wanaacha. Wanasesere wa magome ya mgomba walinunuliwa sokoni, wakagawiwa kwa hesabu, wakakusanywa kwa hesabu, wakafungiwa kabatini wasichakae. Madam alisimama kando na Senga akitazama meno. Asiyeonyesha meno hakuwa amefurahi, na asiyefurahi alikuwa anataka kuifunga shule ya watu.

Mwisho wa mwezi ripoti zikatoka. Kwetu ripoti bila nafasi si ripoti, mzazi hawezi kuonyesha jirani. Hesabu, nafasi. Kusoma, nafasi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: Kucheza, nafasi.

Asubuhi iliyofuata Nalongo, mama wa mapacha, alifika ofisini na aproni yake ya barabarani, mafuta ya kuku mpaka viwikoni. Alipiga goti moja tu kusalimia, na hilo kwa haraka.

"Madam, nimekuja kwa adabu. Waswa kucheza amekuwa wa tatu."

"Hongera, Nalongo."

"Kato amekuwa wa thelathini."

"Huyo aongeze bidii."

"Madam, hawa ni mapacha. Wanacheza pamoja tangu tumboni. Sasa nieleze, Waswa akifaulu kucheza anacheza na nani, na Kato akifeli anacheza na nani?"

Madam alivuta ripoti, akarekebisha miwani yake, akaitazama, kama kwamba jibu lingekuwa limeandikwa nyuma.

"Kato anacheka kabla ya filimbi," alisema.

Hilo lilimwingia Nalongo. Alimtazama Madam kwa unyonge wa mzazi aliyeelezwa ugonjwa wa mtoto kwa jina lake. "Ana hiyo tabia," akakiri. "Hata nyumbani anacheka ovyo ovyo. Ameirithi kwa baba yake. Sasa tufanye nini, Madam?"

"Kuna masomo ya ziada Jumamosi."

"Ya kucheza?"

"Ya kucheza. Mwalimu Sserwadda ndiye anayefundisha."

"Basi mwandike. Na Waswa pia mwandike, huyo wa pili na wa kwanza wamemzidi nini?"

Ukidhani Nalongo alikuwa mjinga peke yake, hutujui. Jumamosi ile uwanja ulijaa. Fundi cherehani alileta wawili. Katekista alileta wake, na akaomba awekwe mbele karibu na filimbi. Mke wa mwenye duka la dawa alimwajiri Sserwadda aje nyumbani jioni, mtoto wake acheze peke yake bila kusumbuliwa na wenzake. Mitaani ukimkuta mtoto kajilaza juu ya mchanga anafukua shimo, mama yake anamfokea: "Badala ya kwenda kufanya mazoezi ya kucheza, umekaa hapa unachezea mchanga!"

Aliyekuwa wa mwisho kabisa alikuwa Nakku.

Hakuwa mkaidi. Aliruka akiambiwa aruke, akashika mwanasesere akipewa. Ila kicheko hakikutoka. Filimbi ikilia alifungua kinywa, meno yakaonekana yote, na sauti haikuja. Madam aliona aibu ya kweli, maana jina la mwisho kwenye karatasi lilikuwa la damu yake mwenyewe. Akambakisha baada ya wenzake kuondoka.

"Cheka."

Nakku akafungua kinywa.

"Nimesema cheka, mtoto wewe! Unataka watufunge? Unataka tukalale barabarani? Wenzio wa Bebi wanaweza, wewe una miaka mitano huwezi?"

Senga alishuka kwenye mashavu ya miguu. Mtoto akalia, na kilio kilikuwa na sauti nzuri tu. Mwalimu Sserwadda, aliyekuwa anafunga kabati, alisema polepole, "Madam, labda tumweke nyuma siku ya mkaguzi, nyuma ya mrefu mmoja." Wakakubaliana hivyo.

Siku ya mkaguzi Malaika Werevu waling'aa. Tai zilikuwa zimepigwa pasi, nguo zilikuwa zimeanuliwa kwenye vyuma vya bembea na mahali pake pamefungwa maputo. Bwana Ssebuliba aliposhuka garini, Madam, na ukuu wake wote, alipiga magoti kwenye nyasi akamwamkia kama ifaavyo, na gomesi yake mpya ikapata umande.

"Mnacheza hapa, nyabo?" aliuliza mkaguzi kwa ile sauti yake ndogo.

"Tunacheza sana, sebo. Hata Jumamosi."

Akakalishwa kivulini. Sserwadda akapuliza filimbi. Shule nzima ikaruka mara tatu kushoto, mara tatu kulia, vumbi likainuka mara sita. Filimbi. "Ha, ha, ha," walicheka Malaika Werevu. Filimbi mbili. Kimya kama kanisani wakati wa sadaka. Wanasesere wakainuliwa juu, nyuso zao zimeelekezwa kwa mgeni. Kato, maskini, hakucheka kabla ya filimbi. Jumamosi zilikuwa zimemtibu.

Bwana Ssebuliba alijikuna shingo. Akamwita Waswa.

"Mwanangu, unapenda mchezo gani?"

Waswa akasimama wima, mikono ubavuni. "Mchezo ni shughuli ya furaha inayofanywa na mtoto chini ya uangalizi wa mwalimu!"

"Ndiyo. Lakini wewe unapenda upi?"

Waswa alimtazama Sserwadda. Swali hilo halikuwamo kwenye daftari. "Faida za mchezo ni tatu," akajaribu.

"Haya, nenda," alisema mkaguzi. Akamgeukia Madam, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Nyabo, tuingie ofisini. Hapa nimeona gwaride. Mchezo sijauona."

Ofisini palikuwa na chai ya maziwa, maandazi, na mapaja ya kuku ambayo Nalongo alikuwa ameyaleta bure kwa ajili ya maendeleo ya elimu. Mkaguzi alikunywa chai. Kuku hakumgusa. Alitoa karatasi zake, akaanza kuandika, na Madam, aliyejua kusoma mwandiko kichwa chini kama walimu wote, aliona neno "haina" likitokea mahali ambapo hakulitaka.

"Sebo, nihurumie. Nimekimbilia mabasi ili niijenge hii shule."

"Najua, nyabo. Watu wameniambia. Lakini nikiandika nilichokiona..."

Kelele zikamkatiza.

Uwanjani watoto walikuwa wamesahauliwa. Sserwadda alikuwa mlangoni anasikiliza hatima yake, walimu wengine walikuwa dirishani, na hakuna aliyepuliza filimbi. Watoto walingoja kidogo. Kisha, kwa kuwa kungoja nako kuna mwisho, wakaanza.

Bwana Ssebuliba alisogea dirishani na kikombe chake. Madam akamfuata.

Katikati ya uwanja alikuwa Nakku. Sweta lake alikuwa amelifunga kiunoni, mikono ya sweta imening'inia mbele kama mshipi wa gomesi. Miwani alikuwa amejitengenezea kwa vidole vya mkono mmoja. Mkono mwingine ulishika kijiti, na mbele yake madarasa yote matatu yalikuwa yamepanga mstari, wanasukumana na kubana vicheko.

"Hapa hatuchezi!" alinguruma Nakku. Sauti ilitoka kifuani, nzito, ya mwanamke wa miaka sitini. Hakuna mtu shuleni aliyewahi kuisikia sauti ya Nakku hivyo.

"Hatuchezi, Madam!"

"Meno! Waswa, meno yako siyaoni! Umeyaacha wapi?"

"Kwa mama, Madam!"

"Mama anayauza na kuku?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Waswa akajishika tumbo, Kato akagaagaa chini.

"Kato! Nani amekupa ruhusa ya kucheka? Filimbi imelia?"

"Haijalia, Madam!"

"Wewe wa thelathini. Njoo. Hesabu mwenyewe."

Kato akainama, kijiti kikagusa kaptula, naye akahesabu mpaka tano, akapiga mayowe ya uongo yaliyofika barabarani. Wengine wakadai zamu zao. Mmoja wa Bebi alilia kwa kuwa alikuwa bado hajachapwa. Msichana wa darasa la Juu akajiteua mzazi, akaja na begi kichwani kama sinia, akapiga goti moja, akalalamikia ripoti. Nakku akamwambia aongeze bidii. Mwingine akawa Mwalimu Sserwadda na kazi yake ilikuwa kusema "Ndiyo, Madam" na kufunga kabati ambalo halikuwapo. Walipanga mstari upya bila kuambiwa, wakahesabiana, wakagombana nani amezidisha zamu, wakaamuliwa, wakaendelea.

Mkaguzi alikuwa amesahau chai. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Lo! Huu sasa ndio mchezo," alisema. "Tazama lugha. Tazama hesabu. Tazama yule mdogo wa mbele anavyowaongoza wote hao! Huyo mtoto mmemfundisha nini?"

Madam alifungua kinywa. Meno yalionekana, sauti haikuja.

"Na wanayemwigiza ni nani, nyabo?"

Dirishani walimu wakapata kikohozi wote kwa pamoja. Sserwadda alikuta jambo la maana sana la kutazama kwenye kiatu chake.

"Sijui, sebo," alisema Madam Restituta Nakanjako. "Watoto wana mambo yao."

"Mh. Mtu huyo mfikishie salamu. Mwambie wanamfahamu sana." Akakaa, akakata neno alilokuwa ameandika, akaandika jingine. Watoto wana uhuru wa kujieleza, aliandika. Wanaigiza maisha wanayoyaona. Leseni itolewe. Kisha akala kuku, mapaja mawili, na la tatu akafungiwa kwenye karatasi aende nalo.

Shule ikapona. Walimu walipeana mikono. Sserwadda alikimbia barabarani kumpa habari Nalongo, na Nalongo akapiga vigelegele katikati ya mabasi, akauliza hapo hapo kama Kato amekuwa wa ngapi. Waliobaki ofisini walimpongeza Madam, naye akajibu asante, asante, mpaka wakatoka. Muhuri wa mkaguzi ulikuwa bado mbichi. Alichokuwa amekipigania wiki zote hizo kilikuwa mezani, naye alikitazama kama mtu aliyeibiwa.

Akatoka uwanjani. Watoto walipomwona mchezo ukafa papo hapo. Wakapanga mstari, wa kweli sasa, na wa mbele akasimama Nakku, amekwisha kufungua sweta, kijiti amekitupa, mashavu ya miguu ameyabana pamoja.

Madam hakuwa amechukua kitu mkononi. Aliwaambia wengine waende kunawa. Walipotawanyika, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, jambo ambalo goti lake lilimlaumu kwalo.

"Nakku. Mbona ulichagua kuwa mimi?"

Nakku alitazama chini. Ile sauti nzito ilikuwa imeondoka, akabaki na yake, ndogo.

"Madam hachapwi."

Upande wa barabara basi lilipunguza mwendo, na watu wakaanza kulipigia kelele za kuku. Madam alingoja zipite. Kisha akauliza.

"Na jaja je? Mchezoni kulikuwa na wazazi, kulikuwa na walimu. Mbona hamkumweka jaja yako?"

Mtoto alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo kwa mara ya kwanza hana hofu ya kulikosa.

"Tulitaka kumweka," alisema. "Waswa alisema atakuwa yeye. Ila akaniuliza jaja anafanyaje, na mimi sikujua."